Shati Lililomchuja Mwenyewe

Maji yalirudi bombani Jumanne mchana, meusi kama chai iliyosahaulika jikoni, na fundi cherehani akafanya walivyofanya wanawake wote wa mtaa ule. Alitafuta kitambaa kizito, akakitandaza juu ya mdomo wa ndoo, akakikaza kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, akaisukuma ndoo chini ya bomba la uani. Kitambaa kilichomjia mkononi kilikuwa shati la kazi la mumewe, la kaki, mikono mirefu, lenye nembo ya Mamlaka ya Maji juu ya mfuko. Alilishona mwenyewe, kwa sababu sare za ofisini zilikuwa zikimbana mzee kifuani. Alijua kwamba nyuzi zake zimesongamana kuliko za pazia lolote mle ndani.

Msitu wa juu ulikuwa umeungua wiki chache kabla. Mvua ya kwanza ilipopiga, ilisomba majivu ya mlima mzima ikayaleta kwenye bwawa, na bwawa likayaleta mjini, kama mgeni anayeleta na mzigo wa mwenzake. Mabomba ya plastiki yaliyopita ubavuni mwa mlima yalikuwa yameyeyuka yakaganda tena, yakajikunja kama mishumaa ya jana, na kila tone lililopita humo lilitoka na harufu ya petroli na ndoo iliyoungua. Mamlaka ilitangaza kwamba maji hayana neno, ila yamechoka kidogo na safari.

Mume wa fundi alikuwa mlinzi wa msitu huo. Watu walimwita Kipaza, maana sauti yake ilifika mjini kutoka mlimani bila kifaa chochote, na Mamlaka ilikuwa imejiokolea gharama ya king'ora. Akiona moshi usio wa kawaida, alipanda juu ya mwamba akaita, na watu waliokuwa wakinywa chai huko chini waliweka vikombe mezani na kusikiliza. Hakuwahi kuita bure hata siku moja. Siku ya moto aliita tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha akanyamaza. Hakuonekana tena, si mwili, si mfupa, si kifungo cha shati.

Mamlaka ililitazama jambo hilo ikaona halina ugumu. Mtu asiyeonekana amekimbia. Mtu anayekimbia ana sababu. Ikatangazwa kwamba mlinzi alitupa kichungi cha sigara kwenye nyasi kavu, akatoroka. Kipaza hakuwa amevuta sigara maishani mwake, lakini hilo halikuulizwa, na jambo lisiloulizwa halijibiwi.

"Mwanangu atoroke?" alisema mama mkwe wa fundi, ambaye alikuwa akiishi nao na kushika kiti cha karibu na mlango. "Yule alikuwa mvivu hata wa kubadili njia ya kwenda dukani. Angetorokea wapi?"

Bibi huyo alikuwa na haja moja tu duniani, nayo aliitaja kila asubuhi kabla ya kunawa uso: kumzika mwanawe kabla yeye mwenyewe hajazikwa. Fundi alikwenda Mamlaka kuomba kibali cha mazishi, hata kama ni ya jeneza tupu. Karani alimsikiliza kwa adabu. Alimweleza kwamba mtoro hazikwi, mtoro hutafutwa.

"Basi mtafuteni," alisema fundi.

"Tunamtafuta, dada. Ila tunamtafuta kwa utulivu."

Jumanne ile, ndoo ilipojaa, fundi alilifungua shati na kuliona limekamata majivu, kama vitambaa vya majirani vilivyokamata. Tofauti ni kwamba kwa majirani majivu yalitandaa katikati kama uji, na kwenye shati yalikuwa yamejipanga kwenye kola na mabega. Aliyakung'uta, hayakutoka. Akalitundika shati mgongoni mwa kiti likauke. Siku ya pili yaliingia mikononi. Siku ya tatu kifua kilituna, na shati lilipotundikwa kitini, bega la kushoto lililala chini kuliko la kulia.

Mama mkwe alilitazama kwa muda akiwa anatafuna kitu chake.

"Bega la kushoto limelala," alisema. "Ni yeye. Alilala hivyo tangu tumboni, mkunga alinionya."

"Nami naona ni yeye, mama."

"Basi mtafutie suruali. Hawezi kukaa hivyo mbele ya mama yake."

Kuanzia hapo fundi alichujia na suruali, na soksi, na kofia ya kazi iliyokuwa imebaki nyuma ya mlango. Kila saa ya maji ilipofika alifunga nguo moja na kufungua nyingine, na kila jioni mume wake aliongezeka kidogo. Yalikuja magoti. Ukaja mkono wa kulia wenye kidole kilichokatwa na panga zamani. Uso ulichelewa, halafu ukaja wote kwa mkupuo mmoja pamoja na ndevu, siku ambayo bwawa lilifunguliwa zaidi. Alikuwa wa kijivu mwili mzima na mwepesi kama unga, lakini alikuwa yeye. Alikaa, alisimama, alitembea mpaka mlangoni na kurudi mradi hapakuwa na upepo. Feni haikuwashwa tena nyumbani humo.

Jirani yao kinyozi alichungulia juu ya uzio.

"Naona shemeji amerudi."

"Amerudi, bado nyayo," alisema fundi.

"Si haba. Nywele zikikamilika niiteni, nitapunguza pembeni. Ila sitamnyunyizia maji, maana tutampoteza."

Mtaani kwingine mambo yalikuwa ya kawaida. Watoto waliumwa matumbo na kutoa pumzi yenye harufu ya jiko. Wateja wa kinyozi waliooga maji yasiyochujwa waliota mvi kwa usiku mmoja, naye akaagiza dawa nyeusi ya nywele boksi zima, akasema riziki haina adabu. Mamlaka ilishauri watu wachemshe maji. Walipochemsha, sufuria zilitoa moshi badala ya mvuke, dari zikawa nyeusi, na harufu ya petroli ikapanda mpaka vyumba vya kulala. Mamlaka ikafafanua kwamba moshi ule ni uchafu unaoondoka, na kwamba anayekohoa akohoe kwa furaha.

Kisha ikaleta Ndoo ya Afya. Ilikuwa ndoo ya kawaida yenye tundu chini, mchanga katikati na mkaa juu, na iliuzwa getini mwa Mamlaka na shemeji wa Mkurugenzi wake, mtu mnene mchangamfu aliyewaita wateja wote "mpenzi". Mkaa wake ulikuwa mpya, mwingi, wa miti mikubwa. Hakuna aliyeuliza mtu asiye na shamba hata la mchicha amepata wapi mkaa wote huo katika mwezi ambao msitu umepotea. Au niseme waliuliza, lakini waliuliza wakiwa kwenye foleni, na kwa sauti ya kuulizana saa. Basi msitu ulioyatia maji majivu ukauzwa gunia kwa gunia kuja kuyasafisha. Katika nyumba kadhaa mkaa ulichipua majani ndani ya ndoo. Wenye nyumba waliyachuma wakayatupa, kwa sababu maelekezo ya matumizi hayakutaja majani.

Kipaza alipokamilika, fundi alivuta kigoda akaketi mbele yake.

"Nani aliwasha?" alimuuliza.

Kipaza akafungua mdomo. Likatoka vumbi kidogo, likaelea, likatua mezani. Akajaribu tena, likatoka vumbi jingine. Akanyoosha kidole kilichokatwa kuelekea uani kwa kinyozi, ambako Ndoo ya Afya ilikuwa ikidondosha maji taratibu kivulini.

"Mimi nimeelewa," alisema mama mkwe. "Lakini kidole si ushahidi. Hasa hicho kifupi. Sauti yake iko wapi?"

Walitafuta sauti. Walichujia na leso, na hariri ya nguo ya harusi ya mteja, na soksi za nailoni. Haikupatikana. Kinyozi, ambaye kwa kazi yake husikia mengi, alisema sauti ni nyepesi mno, haikamatwi na kaki, na kwamba kwa maoni yake bado imo bombani. Huenda alisema kweli. Kwa muda mrefu sasa mabomba ya mtaa yalikuwa yakikohoa kwa sauti ya kiume kabla ya kutoa maji, na watu walikuwa wamezoea kusema "pole" wakiweka ndoo.

Malalamiko yalipozidi, Mamlaka iliita mkutano wa wananchi katika ukumbi wake. Tangazo lilisema Afisa Uhusiano atakunywa maji ya bombani hadharani, glasi nzima, ili kumaliza maneno. Fundi akasema huo ndio mkutano wake. Walimpakia Kipaza kwenye mkokoteni wa kinyozi, wakamfunika mwavuli upande wa upepo. Mama mkwe alitembea nyuma na ufagio na kizoleo, kwa ajili ya chochote ambacho kingedondoka.

Mlangoni walisimamishwa na askari.

"Huyu ni nani?"

"Mfanyakazi wenu," alisema fundi. "Soma mfuko."

Askari akaisoma nembo, akamtazama Kipaza usoni, akatazama ukuta. "Apite. Ila asiegemee, mama. Tumepaka rangi juzi."

Meza ya mbele ilikuwa na kitambaa cheupe. Mbele ya Mkurugenzi kulikuwa na maji ya chupa, na mbele ya wakubwa wenzake pia, na mbele ya shemeji yake aliyeketi pembeni kama mdau. Glasi ya maji ya bombani ilikuwa moja tu, mbele ya Afisa Uhusiano, kijana mwenye tai ya buluu aliyekuwa akiitazama kama mtu anavyotazama mbwa bila kujua kama amefungwa. Alikuwa ameajiriwa miezi michache iliyopita. Wenzake wote siku hiyo walikuwa wamesema wamefunga saumu.

Fundi hakungoja kuitwa.

"Mlisema mume wangu ametoroka," alisema. "Huyu hapa. Alikuwa kwenye maji yenu. Alikufa kazini. Naomba mlisafishe jina lake, na naomba kibali, mama yake amzike."

Mkurugenzi alivaa miwani akamtazama Kipaza kuanzia kofia mpaka soksi. Hakuonekana kuona la ajabu, ila kwamba mfanyakazi amekuja mkutanoni bila viatu.

"Tumempokea," alisema. "Mlinzi, siku ya tukio ulikuwa wapi?"

Kipaza akafungua mdomo. Vumbi likatoka, likatua juu ya kitambaa cheupe.

"Hana la kusema. Iandikwe hivyo. Afisa, endelea na glasi."

Afisa Uhusiano akafumba macho, akanywa mpaka chini, kwa sababu aliona ni heri shida ya mara moja. Akaiweka glasi. Akapangusa midomo. Akakohoa kama bomba. Alikuwa amekariri sentensi yake tangu jana: Ndugu wananchi, maji haya ni salama. Alifungua mdomo kuisema, na ikatoka sauti ya Kipaza.

Vioo vya ukumbi vilitetemeka. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, watu waliweka vikombe mezani.

"Moto!" iliita sauti. "Moto chini ya mwamba, tanuri la pili! Wewe! Wewe shemeji wa Mkurugenzi, nilikwambia nini? Nilikwambia usichome mkaa upepo ukiwa hivi! Unaniambia una ruhusa? Ya nani? Haya, halo! Halo, ofisini? Nipe Mkurugenzi. Mzee, msitu unaungua. Ndiyo, ni kwenye matanuri. Niwaache? Mzee, upepo unakuja kwangu. Nishuke nisionekane? Nikishuka nani ataita? Njooni na ndoo! Jamani wa mjini, njooni na ndoo!"

Iliendelea hivyo kwa muda, kila neno la siku ile kwa mpangilio wake, na Afisa alikuwa ameshika kingo za meza kama mtu anayepanda gari bovu. Mwishoni sauti ilishuka, ikawa kavu.

"Mwambieni fundi asinisubiri kula," ilisema. Ikanyamaza.

Fundi alikaa chini. Mama mkwe aligeuka kwa waliokuwa nyuma yake.

"Si niliwaambia," alisema. "Mvivu yule hawezi kutoroka."

Ukumbi uliitikia kwa vichwa. Kinyozi alisema sauti ni yenyewe, hata zile kwikwi. Hakuna aliyeshtuka, maana hakuna aliyesikia jambo ambalo hakuwa analijua. Shemeji wa Mkurugenzi alifungua chupa nyingine ya maji akanywa taratibu.

Mkurugenzi aliwaacha watu watulie. Alikuwa mtu wa hekima ya vikao, na vikao vilimlea vizuri.

"Tumesikia," alisema. "Sasa tuchambue. Maneno haya yametoka mdomoni mwa Afisa. Siku ya moto Afisa alikuwa ofisini, anapanga viti. Hakuona kitu. Kwa hiyo hayo ni ya kusikia tu."

"Lakini sauti si ya Afisa!" alisema fundi.

"Vizuri. Sauti ni ya mlinzi. Mlinzi ni mtoro. Mtoro hatoi ushahidi mpaka akamatwe."

"Ameketi hapo!"

"Ameketi, ndiyo. Kuketi si kukamatwa." Akageukia ukumbi, uso wake ukakunjuka. "Ila ndugu wananchi, leo tumefanikiwa. Kwa muda mrefu mmekuwa mkituuliza, nini kimo ndani ya maji? Mbona meusi, mbona yananuka? Na sisi tukasema tunachunguza. Leo mama huyu, kwa uzalendo mkubwa, ametuletea jibu juu ya mkokoteni. Chanzo cha uchafu kimepatikana. Ni mlinzi. Alikuwa ndani ya maji ya kunywa ya umma bila ruhusa."

Wengine walipiga makofi. Ilikuwa imekaribia saa ya maji kutoka, na hakuna aliyetaka kufika nyumbani akute ndoo za jirani zimetangulia.

"Na kibali?" aliuliza fundi.

"Dada yangu, nikusaidieje? Mtoro hazikwi. Na uchafu nao hauzikwi, unatupwa kwa utaratibu. Kwa kuwa wewe ni mfiwa, au tuseme mhusika, tutakuruhusu ukae naye nyumbani."

Mama mkwe aliinuka, akasogea mpaka mezani kwa mwendo wake. Akapitisha ufagio juu ya kitambaa cheupe, akakusanya lile vumbi lililotoka mdomoni mwa mwanawe, asibakize hata chembe.

"Kunywa, baba," alimwambia Mkurugenzi, akiionyesha chupa kwa kidevu. "Kunywa hayo hayo. Nayo yamechotwa mahali."

Mkurugenzi akamshukuru kwa ushauri.

Sauti haikumwacha tena Afisa Uhusiano. Madaktari walimwangalia koo wakasema ni zima, ila limekaliwa. Kwa siku chache alipewa likizo, kwa sababu kila akiagiza chakula alikuwa akiita moto. Kisha mtu mmoja pale Mamlaka akaona mbali. Alisema sauti haina kosa, kosa lilikuwa la maneno, na kwamba sauti hiyo watu wanaiamini kwa kuwa haijawahi kuwadanganya. Wakamwandikia maneno mengine. Wakamketisha mbele ya karatasi na mwalimu, akajifunza kusoma yaliyoandikwa na kumeza yasiyoandikwa. Alipandishwa cheo, akapewa kipindi redioni, kila jioni kabla ya saa ya maji.

Sasa mji mzima humsikia Kipaza. Sauti huanza, na watu wanaokunywa chai huweka vikombe mezani, kama zamani. Sauti huwaambia maji ni salama, wachemshe, wachuje kwa mkaa, Ndoo za Afya bado zipo getini. Ikimaliza, watu huchukua vikombe vyao na kunywa.

Nyumbani kwa fundi redio iko juu ya meza ya cherehani. Mama mkwe hukaa karibu na mlango, Kipaza kwenye kiti chake, na fundi hugawa chakula bila kumsubiri mtu, maana ndivyo alivyoagizwa. Redio ikisema salama, Kipaza hutikisa kichwa. Ikisema mkaa, hutikisa kwa nguvu zaidi, na majivu humdondoka begani yakatua sakafuni.

"Acha kutikisa kichwa wewe," humwambia mama yake. "Unatuchafulia nyumba."

Fundi huyafagia, huyarudisha ndani ya kola, hufunga kifungo cha juu. Kisha hutungua shati jingine kwenye msumari, huchukua ndoo, na kutoka uani, kwa sababu bomba limeshaanza kukohoa.